Digrii ya pili ya umeme, na mashine ya kusaga iliyogoma kuwaka

Mwezi wa tatu mwaka 2021, saa moja na nusu usiku, nilisimama ndani ya kibanda cha mashine ya kusaga kwenye kijiji kimoja cha Dodoma, njia ya Mvumi, mita mkononi. Fezi nyekundu, moja ya waya tatu zinazoleta umeme kwenye mota, ilisoma volti 184. Ilipaswa kuwa 230. Akina mama watano walikuwa wamekaa kwenye benchi na ndoo zao za uwele na mtama, na mota ilikuwa inanguruma bila kuzunguka, ile sauti nzito ambayo fundi yeyote akiisikia anakimbilia swichi. Mwenye mashine, mzee aliyenipokea kwa "Mbukwenyi" ya heshima zote, akaniambia, "Mwanangu, hii mota nimeshaisuka upya mara mbili. Ya tatu sina uwezo."

Laini ya umeme ya kijiji kile niliisimamia mimi ikijengwa, mwaka 2019, nikiwa na mkandarasi niliyeanza naye kazi. Nilimwambia mzee kwamba amekaa mbali na transfoma, waya ni mrefu, volti zinapotea njiani. Akanishukuru. Nikarudi kwangu Nkuhungu usiku ule nikijua nimempa mtu mzima jibu ambalo sikulipima.

Nayarudia haya kwa sababu ya kijana mmoja wa kikosi chetu. Wiki iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka saiti Kongwa, akasubiri wenzake washuke Ihumwa ndipo akaniuliza, "Dada Injinia, na mimi nataka digrii ya pili ya umeme. Wanataka nini?" Nilimtajia namba mbili, 2.7 na 180, na karatasi za kuandaa, gari likawa limefika kwao. Usiku nilikosa usingizi kwa ajili ya jibu lile. Namba zile ni za kweli, lakini mimi mwenyewe niliingia uzamili nikiwa nimeshika hizo hizo tu, na zilinigharimu karibu mwaka mzima.

Basi mdogo wangu, hili ndilo jibu refu.

2.7 ni wastani wa chini wa digrii ya kwanza kwa mtu anayetaka kusoma uzamili hapa Tanzania, kwa kipimo chetu cha 5. Ndipo daraja la pili la chini linapoanzia. Wa 4.4 kwenda juu ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, na chini ya 2.7 ni pasi. Mimi nilikuwa na 3.1, na hakuna aliyenikatalia kwa sababu hiyo. Mwenye pasi asikate tamaa mapema: vyuo kadhaa humfikiria akiwa amesoma stashahada ya uzamili kwanza, au akiwa na kazi ya maana ya miaka kadhaa mkononi. Aulize chuo husika kwa barua, asiulize watu wa vijiweni. Aliyesoma nje ya nchi anahitaji cheti chake kitambuliwe na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kabla ya kuomba, na hilo alianze miezi kadhaa nyuma.

Karatasi zenyewe si ngumu. Cheti, matokeo ya mwaka kwa mwaka, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya kidato cha nne na cha sita, wasifu, barua za wadhamini wawili. Kwenye wadhamini ndipo watu wanapoteleza. Mmoja awe aliyekufundisha na anayekukumbuka, mwingine awe anayeijua kazi yako. Mkuu wa idara ambaye hajawahi kuongea na wewe ataandika mistari minne isiyokusaidia. Mwalimu wangu wa mradi wa mwaka wa nne nilimtafuta kwa simu miaka sita baada ya kuhitimu, akanikumbuka kwa sababu niliwahi kuunguza kifaa chake cha maabara na kukaa hadi saa nne usiku nikikitengeneza.

Sasa hiyo 180. Ni krediti, ndicho kiwango cha chini cha uzamili kwenye mfumo wa TCU, na krediti moja ni saa 10 za kusoma: darasani, maabara, maktaba, nyumbani, zote humo. Kwa hiyo 180 ni saa 1,800. Programu ya miezi 18 ina wiki 78 hivi, gawanya, unapata saa 23 kila wiki. Kila wiki, pamoja na ile ya Krismasi na ile ambayo mtoto anaumwa. Mimi namba hii niliiona kwenye kitabu cha mwongozo nikaipita. Laiti ningekaa nayo chini na ratiba yangu ya kazi nikaanza kutafuta zile saa 23 ziko wapi. Hazikuwepo. Ilibidi niziombe kwa mwajiri, kwa mume wangu, na kwa mama yangu aliyehama Mpwapwa kuja kukaa na watoto.

Na usilinganishe krediti zetu na za wengine kwa kutazama namba. Kijana mwenzako mmoja aliniambia Marekani ni rahisi kwa sababu wanadai 30 tu. Kule krediti moja huhesabiwa kwa saa moja ya darasa kila wiki muhula mzima, pamoja na saa mbili za kujisomea, ambazo kwa muhula wa wiki 15 ni saa 45. Ukizidisha kwa 30 unafika 1,350. Ulaya uzamili wa miaka miwili ni krediti 120, na kila moja ni saa 25 hadi 30, kwa hiyo huko ni saa 3,000 kwenda juu. Namba ndogo inaweza kuwa mzigo mkubwa.

Kuna njia tatu za kuipata digrii yenyewe: masomo pamoja na tasnifu, tasnifu peke yake, na masomo peke yake yenye mradi mdogo mwishoni. Tasnifu peke yake inamfaa aliyekwisha kuwa na swali lililoiva na maabara ya kulifanyia kazi. Kwa mtu wa saiti kama sisi, aliyekaa miaka saba bila kufungua kitabu cha hesabu, mimi nasema achukue masomo na tasnifu. Utayahitaji masomo. Yatakurudisha kwenye matriksi, kwenye milinganyo ya Maxwell, kwenye mifumo ya udhibiti, na yatakurudisha kwa nguvu.

Wapi? Hapa kwetu Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, kina nguvu kwenye mawasiliano ya simu na kompyuta, na anayetaka upande huo asisafiri. Mimi nilitaka umeme wa nguvu, laini na transfoma, nikaenda Dar es Salaam. Anayetafuta programu inayoitwa kwa jina lenyewe uzamili wa uhandisi wa umeme ataikuta Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kitivo cha uhandisi kilianza 1973.

Nilianza Oktoba 2022. Muhula wa kwanza nilichukua likizo bila malipo nikakaa kwa shangazi Tabata. Wa pili nilirudi kazini nikawa napanda basi Alhamisi usiku, kilomita 450 hivi, naingia darasani Ijumaa asubuhi na Jumamosi, narudi Jumapili. Fedha ya ada ilitoka kwenye SACCOS ya kazini na kwenye kikoba cha mtaani kwetu. Akina mama wa kikoba walinipitishia mkopo kwa kauli moja, na wengi wao hawajui transfoma ndani kuna nini. Sitawasahau.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni alama. Chuoni kwetu alama ya kufaulu somo la uzamili ilikuwa B. C, ambayo digrii ya kwanza ilikuwa inanivusha, hapa ni kurudia mtihani. Somo la uchambuzi wa mifumo ya umeme nilipata C muhula wa kwanza. Nilirudia, na katika kurudia ndipo nilipokutana vizuri na kazi ya mhandisi Charles Fortescue ya mwaka 1918. Tulikuwa tumefundishwa digrii ya kwanza, nikaikariri, nikafaulu, nikaisahau. Fortescue alionyesha kwamba fezi tatu zisizolingana unaweza kuzivunja ziwe seti tatu zinazolingana: moja inazunguka mbele, moja inazunguka kinyume, na moja haizunguki kabisa, fezi zote zinapanda na kushuka pamoja. Ile inayozunguka kinyume, tunayoiita mfuatano hasi, ikiingia kwenye mota inaivuta irudi nyuma huku mota inajitahidi kwenda mbele. Haifanyi kazi yoyote ya maana. Inazalisha joto.

Nilikuwa chumbani kwa shangazi, feni inazunguka, daftari mapajani. Nikakumbuka mota ya yule mzee iliyosukwa mara mbili.

Usiku ule wa 2021 nilipima fezi zote tatu na kuandika kwenye kijitabu changu cha saiti, halafu nikatazama ile 184 peke yake. Nilimpigia simu mume wangu akitafute kijitabu kwenye boksi la chini ya kitanda. Akanisomea: nyekundu 184, njano 219, bluu 226. Kama tatizo lingekuwa umbali peke yake, fezi zote tatu zingeshuka kwa kiasi kinachokaribiana, kwa sababu waya zote tatu ni ndefu sawa. Nilizipitisha namba zile kwa hesabu ya Fortescue, nikapata mfuatano hasi wa kiasi cha asilimia 6. Mota haipaswi kuendeshwa kabisa ikivuka asilimia 5. Na hata asilimia moja ya volti zisizolingana inaweza kuleta asilimia 6 hadi 10 ya mkondo usiolingana ndani ya koili. Nilikuwa nimemwambia mzee wa watu umbali.

Kuanzia siku ile sikuwa tena mtu anayetafuta digrii ya pili. Nilikuwa na jambo la kulimaliza.

Nasema hili kwa uzito kwa sababu tulikuwa 11 darasani, na watano hadi leo hawajawasilisha tasnifu. Si wavivu. Wawili kati yao walikuwa wananishinda kila mtihani. Walimaliza masomo vizuri, wakafika kwenye pendekezo la utafiti bila kuwa na kitu walichokiona kwa macho yao, wakachukua mada kutoka kwenye orodha: kuboresha hiki kwa kutumia programu ile. Kila wakikaa kuandika wanakosa sababu ya kuendelea. Mmoja alibadilisha mada mara tatu. Chuo hakiulizi unacho kitu gani moyoni unapojaza fomu, kinauliza 2.7. Kitakuja kuuliza baadaye, ukiwa umeshalipa ada.

Na mimi pia mwaka wa kwanza nilikwenda na mada ya kuazima, umeme wa upepo, kwa sababu Singida kuna upepo na nilidhani wasomi wanapenda nishati mbadala. Nilipoteza miezi minane nayo.

Pendekezo la laini ya kijijini lilipita Novemba 2023. Likanifundisha kwamba njia ya Newton-Raphson, tunayoitegemea kukokotoa mtiririko wa umeme kwenye gridi kubwa, mara nyingi hukwama kwenye laini kama zetu. Laini ya kijijini imekaa kama mti, shina moja na matawi, na ukinzani wa waya zake ni mkubwa ukilinganisha na riaktansi, kile kizuizi kinachotokana na usumaku wa mkondo. Nikajifunza mbinu nyingine: unaanzia kwenye ncha za matawi unajumlisha mikondo kuja shinani, halafu unaanzia shinani unapunguza volti kwenda kwenye ncha, unarudia hadi namba zitulie. Niliiandika mwenyewe kwa Python, lugha ya kompyuta, kila fezi na hesabu yake na waya wa nyutro ukiwemo, kwa sababu programu za kununua zilikuwa nje ya uwezo wangu.

Vipimo vilichukua Februari hadi Aprili 2024. Barua ya kuomba takwimu za laini niliipeleka kwenye ofisi moja mara nne, na kila mara niliambiwa faili halionekani. Sikusubiri. Niliazima kinasa data maabara nikakifunga kwenye kibanda cha mashine, mzee akaruhusu. Wiki ya pili nilikuta saa 31 hazipo: kijana anayelala pale alikichomoa achaji simu. Sikuweza kumkasirikia, hakuna aliyemweleza kile kiboksi kinafanya nini. Nilikaa naye nikamwonyesha michoro kwenye kompyuta, jinsi volti zinavyoshuka saa moja jioni watu wakiwasha taa na televisheni. Kuanzia hapo alikilinda kama mali yake. Halafu nikatembea nguzo kwa nguzo na mafundi wawili, tukiandika kila nyumba imeungwa fezi gani. Nyumba 87. Nyumba 58 zilikuwa fezi nyekundu.

Ilikuwa hivi. Tulipojenga tuligawa sawa kwa nyumba za mwanzo. Kila mteja mpya aliyefuata, fundi alipanda nguzo akaunga kwenye waya ulio karibu na mkono wake, na waya huo kwa mpangilio wa nguzo zetu ulikuwa mwekundu. Mpangilio huo niliusaini mimi.

Msimamizi wangu alikuwa mtu mwema mwenye wanafunzi wengi mno. Sura niliyompa Juni niliipata Septemba. Nilichojifunza ni kumpelekea kurasa kumi badala ya hamsini, na swali moja juu yake lililoandikwa wazi. Kurasa kumi zilirudi ndani ya wiki. Kuanzia Agosti 2024 treni ya SGR ikawa inafika Dodoma, na kwa saa nne hivi niko Dar, nikawa naweza kwenda kumuona asubuhi na kurudi kulala kwangu. Tasnifu yangu inaidai treni ile sura mbili, nilizoandikia njiani. Na hata pale kwenye kiti nilikuwa nawaza fezi, maana treni yenyewe inavuta kilovolti 25 za fezi moja, na kuigawa mizigo ya namna hiyo kwenye gridi ya fezi tatu ni kazi ya kina Fortescue ile ile. Anayetafuta mada, hiyo hapo, imepita juu ya vichwa vyetu.

Niliwasilisha Februari 2025, ikapitishwa kwenye programu ya kukagua wizi wa maandishi, ikaenda kwa watahini. Utetezi ulikuwa Juni. Mtahini wa nje, mama mmoja mtulivu, alifunga tasnifu akaniuliza, "Kwa nini usingependekeza tu transfoma kubwa zaidi?" Nilimwambia transfoma ile ya kVA 100 haikuwa imejaa hata nusu, iliyojaa ni waya mmoja. Kubadilisha transfoma kungetumia fedha ya kijiji kingine na mota ya mzee ingeendelea kuungua. Akauliza nimejuaje. Nikamwonyesha jedwali la nyumba 87. Walinipa mwezi mmoja wa masahihisho madogo, mengi ya tahajia na vitengo vya vipimo.

Kuna jambo moja ulilichanganya garini na wengi hulichanganya. Digrii ya pili haikupi usajili wa uhandisi. Bodi ya Usajili wa Wahandisi inataka digrii ya kwanza ya uhandisi inayotambulika na mafunzo ya kazini, na kwa wahitimu wapya yapo yale ya miaka mitatu ya mpango unaoitwa SEAP. Kama hujayamaliza, yamalize kwanza. Ukiwa nayo utaingia uzamili ukiwa umepanda nguzo za kutosha kuwa na kijitabu chako mwenyewe.

Vijitabu hivyo usivitupe. Nenda kavipitie vyote Jumamosi hii, vile vya Chamwino na vya Bahi, tafuta ukurasa ulioandika namba halafu ukaandika maelezo ambayo wewe mwenyewe hukuyaamini. Uje nao Jumatatu. Fomu tutajaza baada ya hapo, nami nitakuandikia barua ya udhamini.

Kule njia ya Mvumi tulirudi Oktoba 2025, kwa kibali, na ngazi mbili, tukahamisha nyumba 29 kwenda njano na bluu kwa siku moja na nusu. Saa moja na nusu jioni nilipima pale pale kibandani: 212, 215, 210. Bado si 230, kwa sababu umbali nao upo na siku moja transfoma itabidi isogezwe. Mzee alibonyeza swichi mwenyewe. Mota ilisita kidogo, ikashika, na mama aliyekuwa wa kwanza kwenye foleni akanyanyua ndoo yake ya uwele kabla mzee hajamwita.